Mlima Ndani ya Rimoti

Vidole viwili vya mume wangu nilivikata mimi. Sikushika kisu wala shoka, nilishika kitambaa cha kufutia vumbi. Miaka tisa nilikaa na neno hili kooni, silitemi wala silimezi, na leo naweza kulisema kwa sababu aliyestahili kulisikia kwanza amekwisha kulisikia.

Jina lake Abdón Chiluisa, fundi wa pampu kwenye shamba la waridi hapa kwetu Rumipata, huku juu milimani ambako asubuhi za Agosti unavunja barafu kwenye ndoo ndipo unawe uso. Ni mtu mfupi, mkimya, na mbishi hadi unatamani kumzaba kibao. Ukimuuliza chai yake iwekewe sukari vijiko vingapi, anafikiri kwanza. Mimi nafanya kazi banda la kupanga maua, naongea tangu nikiamka, na watu wamekuwa wakijiuliza siku zote sisi wawili tulikutana wapi. Tulikutana kwenye pampu. Ilikuwa imeharibika na mimi nilikuwa nagomba.

Helikopta yake, ndogo ya kurushwa kwa rimoti, aliipata kwa bwana shamba mmoja aliyekuwa anahama. Ilikuja ndani ya katoni, vipande vitupu, na mapanga mawili ya kuizungusha hewani, marefu kama mkono wangu, na rimoti nzito yenye vijiti viwili, swichi nane na kioo kidogo cha kijivu. Mimi huiita helikopta ya kuchezea ili nimuudhi tu. Mchezo gani ule! Yale mapanga yakishika kasi huyaoni, na usichokiona ndicho kinachokukata.

Sasa niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa hofu yangu. Kijiti cha kushoto ndicho cha moto. Ukikisukuma juu injini inapandisha, ukikivuta chini inatulia. Lakini kijiti kikifika hapa moto uwe kiasi gani, hilo mwenyewe unalipanga kwenye rimoti, nukta tano, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, na kioo kinakuchorea mstari unaopanda. Abdón aliuita mstari ule mlima. "Leo nimeushusha mlima kidogo begani," ataniambia mezani, nami namwambia supu inapoa.

Jumapili ile nilikuwa nasafisha sebule. Rimoti ilikuwa juu ya kabati, ina vumbi la wiki nzima, nami vumbi sipatani nalo. Nikaifuta mgongo, nikafuta vijiti, nikafuta swichi. Kuna swichi moja, ya juu kushoto, ikikaa mbele injini haingoji kijiti, inakwenda mbio tangu inapowaka. Ni ya kuchezeshea ndege hewani. Kitambaa changu kiliisukuma mbele. Sikujua, na hata ningeona nisingejua maana yake. Baada ya saa moja hivi Abdón alikuwa uani. Alishika kichwa cha mapanga kwa mkono wa kushoto, kama wanavyofanya wote wakiwasha, akawasha kwa mkono wa kulia.

Kidole cha shahada na cha kati. Sitasimulia zaidi ya hapo.

Rafiki yake wa klabu ya warusha ndege hizi ndiye aliyeiokota rimoti kwenye majani. "Abdón, swichi ilikuwa mbele," akamwambia pale hospitali. "Ulisahau kuangalia?" Abdón akajibu, "Nilisahau." Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, na mkono wangu wa kulia ulikuwa bado unanuka dawa ya kung'arishia mbao. Ningesema pale pale. Nikajiambia nitasema kesho, na hiyo kesho ikawa inasogea mbele kila nikiikaribia. Tangu siku ile sikuigusa rimoti. Kabati nililifuta nikaizunguka, na vumbi lake nikaliacha lilale.

Mwaka mzima hakuweza kuirusha. Kijiti kile hushikwa kwa kidole gumba na cha shahada pamoja, na yeye sasa alibaki na gumba peke yake, linalorukaruka kwa kukosa mwenzake. Gumba likiruka, helikopta nayo inaruka. Mtu mwingine angeiuza. Huyu wangu alikaa kitako na kile kioo, Jumapili baada ya Jumapili, akiupanga mlima upya. Akainua nukta ya pili, akazilaza ya tatu na ya nne zikakaribiana, hadi katikati ya mlima pakawa na uwanda. Pale uwandani gumba liteleze litakavyo, moto haubadiliki sana, ndege inabaki imetulia hewani.

"Unaona?" akanionyesha siku moja, uso umemchangamka kama mtoto. "Huu mlima ndio vidole vyangu viwili."

Nikaenda jikoni. Sikuwa na kazi yoyote huko jikoni.

Kwetu tunamsherehekea Bikira wa Theluji, tarehe tano Agosti. Sanamu yake inabebwa kwenye machela na watu wanne, na inamwagiwa petali za waridi jeupe, kwamba ndiyo theluji. Zamani walizimwaga kutoka mnara wa kanisa. Abdón alipopona alifunga kisanduku chini ya helikopta, chenye kifuniko kinachofunguka kwa swichi, na theluji ikaanza kushuka kutoka mbinguni kwenyewe. Watu walilia. Kila mwaka wanalia, na kila mwaka mimi nasimama pembeni, nahesabu swichi kwa mbali.

Mwaka huu mambo yakawa makubwa. Nusu ya watu wa Rumipata wamehamia Manta, baharini, kwenye viwanda vya samaki. Wamejenga kanisa lao dogo huko, wakataka sikukuu yao, na theluji yao. Na nani alikuwa wa kwanza kujiandikisha kubeba sanamu, tena upande wa mbele? Binti yetu Yadira, mwenye mimba ya miezi mitano.

"Utabeba mzigo na mimba hiyo?" nikampigia simu.

"Mama, nimeweka nadhiri."

"Nadhiri ya kubeba, sawa. Ya kukaa chini ya mapanga ya baba yako je?"

"Baba hajawahi kuangusha kitu."

Nikakata simu.

Tuliteremka kwa basi, saa kumi za safari. Abdón alipakata helikopta, akanisukumia rimoti. "Shika hii."

"Iweke chini."

"Chini inatikisika. Shika, mama Yadira, haikuumi."

Haikuumi! Nikaipakata kama mtoto wa mtu, mikono juu. Basi likakata kona baada ya kona, masikio yakaziba, yakazibuka, joto likapanda, nami usingizi ukaniiba. Nilipozinduka nilikuwa nimeikumbatia, swichi zimenichoma tumboni. Nikajiambia imezimwa, haina betri, haiwezi kuwa na neno. Nikajiambia hivyo hadi Manta.

Mkwe wetu Wagner Anchundia alitupokea kituoni, mtu wa pwani kindakindaki, mrefu, shati wazi hadi kitovu. Anatengeneza mashine za barafu bandarini. Sisi wa milimani huwaita watu wa pwani tumbili, nao wana majina yao ya kutuita, na huyu hajawahi kuniachia deni.

"Mama mkwe! Vua hizo sweta tatu, utaiva!"

"Nyamaza, tumbili wee. Binti yangu hajambo?"

"Anakula kama wawili."

"Ndivyo walivyo."

Maandamano yalikuwa saa nne asubuhi. Saa mbili Abdón alikwenda kuijaribu helikopta kwenye uwanja wa mpira kando ya kanisa. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mama Clemencia, mdhamini wa sikukuu, alikuwa amevaa shali yake mpya ya sufi, jasho linamtiririka naye hakubali kuivua. Abdón aliangalia swichi mara tatu, nilimhesabia. Akashika kichwa cha mapanga, akawasha, akarudi nyuma, akasukuma kijiti taratibu.

Kwetu ndege huinuka kijiti kikifika katikati. Hapa kijiti hakijafika katikati, ikaruka juu kama mbuzi aliyeumwa na nyuki. Injini ikapiga yowe kali, kavu. Abdón akavuta, ikaporomoka. Akasukuma, ikaruka tena, ikalala ubavu, ikarudi. Wapo waliocheka, wapo waliopiga ishara ya msalaba. Mwisho aliibwaga chini, mguu mmoja wa kutua ukapinda.

Mama Clemencia akaja polepole. "Fundi, hii ndiyo itapita juu ya vichwa vya watu?"

Abdón akainama, akaupapasa mguu uliopinda.

"Kama haiwezekani sema tu, hakuna aibu. Tutapanda ngazi tumwage kwa mikono."

"Nipe nusu saa, mama."

Akachuchumaa na rimoti, akaufungua mlima kwenye kioo. Namba zote zilikuwapo, akazisoma mara mbili. "Uwanda wangu upo," akasema. "Upo, lakini ndege haiujui. Basi ni mkono. Mkono wangu umekwisha." Kisha akainua macho, si kwangu, kwenye upepo tu. "Au kuna aliyeigusa?"

Nikaketi kwenye nyasi mbele yake.

"Abdón, nililala nayo kwenye basi. Nilipoamka nilikuwa nimeilalia."

"Ilikuwa imezimwa."

"Na siku ile," nikasema. "Siku ya vidole. Ni mimi niliyeifuta vumbi. Swichi ile niliisukuma mimi, kwa kitambaa. Hukusahau wewe. Ni mimi. Nimekaa nalo miaka tisa, Mungu anisamehe, nawe unisamehe ukiweza, na kama mwanangu atapita chini ya kitu hiki leo na kimeharibika kwa mkono wangu tena, mimi sitaki kuishi."

Aliniangalia. Kisha akasema, "Nimesikia."

Basi! Hilo tu! Miaka tisa, halafu nimesikia. Ningemrukia shingoni kama si kwamba Wagner alikuwa amekuja nyuma yetu na mwamvuli, anatafuta kivuli cha kumpa baba mkwe.

"Haitoi moshi," Wagner akasema.

"Nini?"

"Injini yako, baba. Kule kwenu nilipokuja kuposa ilikuwa inatoa moshi mweupe. Hapa hakuna, na inalia kama ina kiu. Hizo namba ulizipangia wapi?"

"Nyumbani. Wapi tena?"

"Mita ngapi juu ya bahari?"

"Elfu tatu na kitu."

Wagner akamtazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika mlingoti wa goli. "Baba mkwe! Umeubeba mlima wako mzima ukauleta ufukweni! Huku hewa nzito kama uji! Panga likigusa hewa ya huku limeshika kitu, na injini inavuta hewa tele, mafuta hayaitoshi. Mimi nikiletewa mashine kutoka huko juu, kabla sijaiwasha naipanga upya kila kitu."

Abdón alifunga macho. Ishirini na mbili ndiyo miaka aliyopanga pampu, presha ndiyo kazi yake, analala nayo anaamka nayo. Lakini sisi tumezaliwa juu, tumeoana juu, na kwetu hewa ni hewa tu, nani anaipima? Kosa lile asingelifanya mtu wa pwani hata siku moja.

"Punda mimi," akasema.

"Punda wa milimani," Wagner akamsahihisha. "Wale wa pwani wanajua kuogelea."

Yadira akatokea mlangoni mwa kanisa, amevaa nyeupe, tumbo mbele. "Baba, vipi?"

"Usibebe leo, mwanangu."

"Nitabeba," akasema, akarudi ndani. Huyo ndiye binti tuliyemzaa, na ubishi wake mnajua ulikotoka.

Zilikuwa zimebaki dakika hamsini. Jua lilikuwa kali, kioo hakisomeki, na miwani ya Abdón ilikuwa imejaa mvuke wa jasho. Nikavua sweta ya juu, nikaitandaza juu ya rimoti kama hema, nikaingiza kichwa.

"Nukta ya tatu inasemaje?" akaniuliza.

"Sitini na nane."

"Bonyeza kitufe cha chini, hadi hamsini na nne."

"Nibonyeze mimi?"

"Kuna mwingine humo ndani?"

Nikabonyeza. Nikaruka namba, nikairudia. Sitini na saba. Sitini na sita. Mstari ukashuka kioo kizima nikiuona. Nukta ya nne, kutoka sabini na mbili hadi hamsini na saba. "Zisiachane," akanionya, "uwanda ubaki uwanda." Kisha ya pili, kisha ya juu. Ukurasa mwingine wenye pembe za mapanga, yaani yalale kiasi gani, tukaupunguza vivyo hivyo, nukta kwa nukta. Wagner akaunyoosha mguu uliopinda, na Abdón akaifungua skrubu ya mafuta, mlio mmoja mmoja, tik, tik, akihesabu hadi sita. Waliijaribu sentimita chache juu ya nyasi. Moshi mweupe ukatoka. Ikaning'inia. Hakuna aliyeshangilia, maana kengele zilikuwa zimeanza kulia, ikabidi kuizima, kuijaza mafuta na kuipakia petali.

Hapo ndipo aliponipa rimoti mkononi. "Swichi," akasema.

"Angalia mwenyewe, Abdón."

"Nina kazi huku." Akapiga goti, na mkono wake wa kushoto, ule wenye vidole vitatu, akaupeleka kwenye kichwa cha mapanga, akakishika. Kifaa cha kuwashia kilikuwa tayari kwenye mkono wa kulia. Hakugeuka kunitazama.

Nikapitisha kidole chini ya kila swichi. Nane. Nikarudia kutoka upande wa pili. Ile ya juu kushoto niliisukuma nyuma ingawa ilikuwa nyuma tayari. Mtu akiniuliza siku gani ndefu katika maisha yangu, sitataja siku niliyomzaa Yadira.

"Zote nyuma," nikasema. "Washa."

Ikanguruma polepole, mapanga yakabaki yametulia mkononi mwake.

Akaichukua rimoti, akairusha, ila hakuipitisha juu ya vichwa. Alisema upepo wa bahari upo, atafanya nao kazi, akaiweka upande wa maji, juu, mbali na watu. Sanamu ikatoka kanisani, Yadira mbele kulia, mkono mmoja kwenye mti wa machela, mwingine kiunoni. Mimi sikuitazama ndege wala Bikira, nilitazama gumba la mume wangu. Walipofika katikati ya uwanja mpuuzi mmoja akalipua baruti ya sikukuu hatua tano nyuma yetu, nami nikaona gumba likiruka, likiruka kabisa, huku na huku kwenye kijiti. Nikainua macho nikiwa nimekwisha kupiga kelele.

Ndege haikujua. Ilikaa palepale.

Kisanduku kikafunguka, upepo ukazileta petali polepole hadi kwenye machela. Yadira alikuwa nazo kichwani, mabegani, juu ya tumbo. Mama Clemencia alivua shali hatimaye, akalia ndani yake.

Jumatatu tulikuwa nyumbani, baridi yetu imetupokea. Nilikuwa napasha supu ya viazi. Abdón akaingia, akaweka rimoti juu ya meza, na kando yake akaweka kitambaa.

"Imeshika chumvi ya bahari," akasema. "Ifute."

"Ifute wewe."

"Siku niliyotoka hospitali niliishusha kabatini," akasema, akivuta kiti. "Ilikuwa inang'aa hadi kwenye mikunjo ya vijiti. Wewe umenijua miaka mingi. Mimi nimewahi kufuta kitu?"

Mwiko ulinidondoka. "Ulijua."

"Nilijua."

"Miaka tisa! Nimekonda mimi, nimekosa usingizi, nimekuzungukia kabati lako kama mwizi, nawe umekaa unakula supu yangu unajua!"

"Rubani ndiye anayeangalia swichi. Sikuangalia. Ningekulaumu nini?"

"Ungesema hivyo basi!"

"Nawe ungesema."

Nikaketi. Nikachukua kitambaa, nikaanza na mgongo, nikaja kwenye vijiti. Kwenye swichi nilikwenda moja moja, naitaja kwa sauti kila nikimaliza, "nyuma," naye anajibu "nyuma," huku anakula. Ile ya juu kushoto niliiacha ya mwisho.

"Nyuma," nikasema.

"Nyuma," akajibu, akanisukumia bakuli nimwongezee supu.